Niliseti breki za gari la marehemu baba kwa mikono yangu, mama mkwe alipopanda nyuma zikapotea

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio mjini na mlio mashambani.

Nyumbani kumetulia juzi tu, ndiyo maana nimeweza kushika simu na kuandika. Nitakayosema yamenikuta mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, kisa chenyewe kilikuja kimeshakolea.

Nina duka la pembejeo hapa Bariadi. Mbegu, dawa za pamba, mabomba ya kupulizia. Ufundi magari si kazi yangu. Lakini nina gari la marehemu baba, na kiburi cha kuligusa mwenyewe.

Mzee alikuwa dereva kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba enzi hizo. Meneja wake Mzungu alipoondoka akamwachia gari, saloon nyeusi ya Kiingereza ya kabla ya uhuru, milango minne, ina ubao pembeni wa kukanyaga kabla hujaingia. Kampuni siitaji, wenye macho ya magari ya zamani mmeshajua. Baba alilitunza kuliko alivyotutunza sisi, na nalisema hilo kwa upendo kabisa.

Watu wananiuliza kila siku kwa nini silipeleki kwenye chuma chakavu nikanunua gari la watu. Jibu langu ni moja tu, kwamba linawaka.

Sasa niwaeleze breki zake, maana bila hapo mtapotea.

Magari ya sasa ukikanyaga breki, mafuta yanasukumwa kwenye mirija mpaka kwenye tairi. Hili halina mafuta hata tone. Chini yake kuna vyuma virefu, mimi naviita fimbo, kila tairi na fimbo yake. Ukikanyaga pedeli fimbo zinavutwa, ndani ya drum ya tairi brake shoes, yaani viatu vya breki, zinatanuka, zinakamata, gari linasimama. Hata hendibreki inavuta fimbo zilezile za nyuma.

Kwa hiyo mchezo mzima ni urefu wa fimbo. Ikiwa ndefu mno unakanyaga hewa. Ikiwa fupi mno tairi haizunguki. Na zote nne zinatakiwa zikamate pamoja, la sivyo gari linakuvuta upande mmoja. Kwenye kila fimbo kuna nati ya kurefusha na kufupisha.

Ukishaelewa hapo, wewe ni fundi kama mimi. Na utaona mwenyewe kwamba hiyo si sifa.

Tuendelee.

Mke wangu Kabula alijifungua kwa operation. Mtoto wetu wa kwanza, baada ya miaka mingi ya kusubiri na maneno ya watu. Mtoto mzima, mama mzima, tukamshukuru Mungu.

Lakini tuliporudi nyumbani hali ikawa ngumu. Kidonda kinauma, mtoto halali, maziwa hayatoki vizuri. Majirani walikuja, walisaidia, Mungu awabariki. Kabula alikuwa anawashukuru, wakitoka anaanza kulia. Nikimuuliza shida nini, jibu ni neno moja.

"Mama."

Kwetu mzazi wa kwanza anatazamwa na mama yake. Ndiye anayemkanda, ndiye anayempikia uji, ndiye anayemwambia usiogope, hata wewe ulikuwa hivi.

Shida ni kwamba mama mkwe anaishi kijijini, mbele ya Lagangabilili, na nyonga yake ya kushoto ni mbovu. Mguu haukunjiki. Ngazi ya basi iko juu, hafiki. Bodaboda ndiyo usiseme. Kuna siku walimkodia gari dogo, wakamkunja mpaka akalia mbele za watu, akaapa hapandi tena gari lolote.

Kabula alipompigia, akamjibu kwamba atakuja mguu ukipata nafuu. Wote wawili walijua mguu ule haupati nafuu. Kabula akaweka simu chini akageukia ukutani, na mimi nikatoka nje.

Nje ndipo nikaliona gari la baba.

Wakuu, yale magari ya zamani kiti chake ni kiti kweli. Unakaa wima, miguu mbele, mlango unafunguka wote. Unakanyaga ubao, unageuka, unakaa. Hukunji chochote.

Nikatuma ujumbe kwa Mama Minza, mdogo wake mama mkwe, wanaishi kaya moja. Hapa niwafafanulie wale ambao si wa huku kwa nini nilipitia kwake.

Kwetu Wasukuma, hasa familia za zamani kama ile, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamkai kiti kimoja. Mkikutana njiani unampisha. Miaka yote niliyooa sijawahi kuongea naye zaidi ya salamu, na hiyo natoa nikiwa nimeangalia chini. Jina lake silitaji hata humu. Si ugomvi, ni heshima, na ukiizoea ina raha yake kwa sababu hamna siku mtakayokosana.

Jibu likarudi kupitia kwa Mama Minza kwamba kama gari ni lile la marehemu, basi atajaribu.

Kabula aliposikia alikaa kitandani, akaomba chai. Nikajisemea hapa hakuna kushindwa.

Siku ya kabla ya safari nikaamua kukagua breki. Nilikuwa na siku nyingi sijazigusa, na huwezi kumbeba mama wa watu kwa kubahatisha. Nina fundi wangu kule Binza, Maswa, anayejua magari haya, lakini alikuwa amesafiri. Nikasema kwani nini, nati ni nati.

Nikaliinua gari kwa jeki, nikaweka magogo ya mkaratusi chini ya chasisi mbele na nyuma, mpaka tairi zote nne zikawa zinaning'inia. Nikabana ubao kati ya kiti na pedeli ili pedeli ibaki imekanyagwa kidogo. Halafu nikaanza kuzungusha tairi moja moja kwa mkono nisikie ipi nzito na ipi nyepesi. Hiyo njia ni sahihi kabisa, ndivyo baba alivyokuwa anafanya.

Za mbele zilizunguka kwa uzito mzuri. Za nyuma zikagoma kabisa.

Nikajiambia mzee alikaza mno. Nikaingia chini, nikarefusha fimbo za nyuma mpaka tairi zikaanza kuzunguka sawa na za mbele. Nikarudia kila upande mpaka nikaridhika. Jasho lilinitoka, lakini moyo ulikuwa mweupe.

Nikalishusha, nikazunguka nalo mtaani peke yangu. Nikikanyaga, linasimama. Pedeli ilikuwa inashuka chini kuliko zamani, nikasema ndiyo ulaini wenyewe. Nikalipiga picha nikaweka status, watu wakanipongeza, na mimi nikapongezeka.

Kesho yake asubuhi nikaenda ukweni.

Nilimkuta mama mkwe ameshakaa kwenye kiti nje, amevaa kitenge kipya. Nikainama mbali kidogo, nikatoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka mayu."

"Mwangaluka, ng'wana wane," akajibu, yaani mwanangu, na mazungumzo yetu ya mwaka yakawa yamekwisha.

Shemeji yangu Maduhu akaanza kupakia. Wakuu, anayekwenda kumtazama mzazi hasafiri mikono mitupu. Magunia ya mpunga, michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga, kibuyu cha maziwa. Vingine buti, vingine chini ya kiti cha nyuma.

Halafu mama mkwe akapanda. Alikanyaga ubao, akageuka, akakaa, na sura yake haikujikunja hata kidogo. Nilijisikia vizuri sana kuona vile. Ni mama wa mwili, na akakaa nyuma, kwa sababu mbele ndipo anapokaa mkwe. Mama Minza akakaa pembeni yake, naye si mwembamba.

Kiti cha mbele, pembeni yangu, kikabebeshwa tenga la kuku. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona.

Maduhu akafunga mlango, akaja dirishani kwangu.

"Shemeji, taratibu. Huyo ndiye mama tuliyebaki naye."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, breki nimeseti mwenyewe jana.

Tukaondoka. Nikahisi nyuma kumekaa chini na pua imeinuka, nikaona ni kawaida ya mzigo. Mbele kidogo ya kijiji kuna kamteremko, nikagusa breki. Pedeli ikashuka, ikashuka, ikakamata karibu na sakafu, na gari likavuta kushoto.

Nikakanyaga tena, ikawa vilevile.

Hapo mtu mwenye akili angegeuza. Lakini jamani, utarudije ukweni hata moshi wako haujatoweka, ukamwambie shemeji kwamba breki zile nilizokusifia hazipo? Nikasema nitakwenda pole pole kwa gia. Aibu imeua watu wengi kuliko nyoka, na siku ile nilikuwa naomba kujiunga nao.

Nyuma Mama Minza alikuwa anasimulia mambo ya kwaya, mimi naitikia kwa kichwa.

Tukafika kwenye mteremko unaoshuka kwenye daraja la zege, lile ambalo maji yanapita juu yake masika. Si mteremko mkali. Kwa miguu hata huuoni. Ila gari lilianza kuongeza mwendo, na mimi nikaona kundi la ng'ombe linapanda kutoka kwenye maji. Limejaa barabara nzima, pembe kwa pembe.

Nikakanyaga breki, pedeli ikalala kwenye sakafu.

Nikavuta hendibreki, ikaja yote mkononi haina hata uzito.

Nikalazimisha gia ya chini, gia za gari lile hazitaki haraka, zikapiga kelele ambayo sitaisahau. Ikaingia. Injini ikaguna, mwendo ukapungua, lakini haukupungua vya kutosha. Tairi moja tu ya mbele kushoto ndiyo iliyokuwa inakamata, inanivuta pembeni.

Nikaacha kushindana nayo. Kushoto kulikuwa na shamba la mahindi lililovunwa, nikaliachia gari liende lilipotaka kwenda. Tukaruka ukingo mdogo, tukaingia kwenye matuta, tuta la kwanza, la pili, la tatu, kila moja likitupunguza, mpaka likasimama lenyewe.

Tenga likapinduka na kuku mmoja akatoka dirishani akaenda zake.

Injini ikazima.

Niliogopa kugeuka. Naapa wakuu, niliogopa kuliko nilivyoogopa wakati gari linakwenda. Nilikuwa namfikiria Kabula amekaa kitandani ananisubiri, na mimi nimeenda kumletea nini.

"Yesu na Maria," Mama Minza alisema taratibu.

Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe, anamwambia mdogo wake kwa Kisukuma, "Muulize kama ndiyo hapa tunashukia."

Machozi yalinitoka. Mzima. Anaongea, tena anatania. Nikafuta uso kwa mkono wa shati nikatoka nje.

Mwenye ng'ombe alikuwa ameshafika, mwanaume wa rika langu, amevaa katambuga, fimbo mabegani. Akatupa pole, akasaidiana na Mama Minza kumshusha mama mkwe mpaka kwenye kivuli cha gari. Ng'ombe wake nao wakaingia shambani kula mabua kana kwamba tuliwafungulia sisi.

Wakati wanamshusha, mimi nilikuwa nimeshalala kifudifudi kuangalia chini. Fimbo za nyuma zilikuwa zimelegea, zinaning'inia kabisa. Mama mkwe akatoka, nyuma ya gari ikainuka. Na mbele ya macho yangu fimbo zikajinyoosha.

Nikafikiri ni wenge. Nikamwomba Mama Minza apande kwanza peke yake. Akapanda, zikalegea kidogo. Akashuka, zikajinyoosha.

Pale pale kichwa kikafunguka.

Jana nilipoweka magogo chini ya chasisi, tairi zilikuwa zinaning'inia. Tairi ikishuka chini, fimbo inavutika, ndiyo maana za nyuma ziligoma kuzunguka. Baba hakuwa amekosea hata kidogo. Mimi nikazirefusha ili zizunguke. Gari likirudi ardhini, uzito unalikalisha kwenye springi, ekseli inapanda, fimbo zinalegea. Nikiwa peke yangu zinalegea kidogo, sioni. Ukiweka mama wawili nyuma na magunia, na mbele tenga la kuku, hakuna breki tena.

Gogo lilitakiwa likae chini ya ekseli, siyo chini ya chasisi. Basi. Kosa zima ni hilo.

Dawa nayo ilikuwa wazi, kufupisha fimbo. Lakini kwa kipimo gani? Nikizifupisha gari likiwa tupu sitajua zitakuwaje likibeba. Zinatakiwa zikazwe gari likiwa na mzigo wake uleule, watu wakiwa wamekaa palepale walipokaa.

Yaani mama mkwe arudi kwenye kiti, na mimi nilale chini yake.

Wasiojua mila zetu mnaweza kucheka. Mimi sikucheka. Mkwe hata kupita nyuma ya kiti cha mama mkwe ni shida, sembuse kulala chali chini ya sakafu aliyoikalia. Tena utamwambiaje? Kwamba mama, samahani, uzito wako ndio ninaouhitaji?

Nikaenda kwa Mama Minza nikamnong'oneza shida ya fimbo. Sikumtaja mama. Nikasema, nadhani tutafute kitu kizito tuweke nyuma. Mawe hakuna, pale ni mbuga, udongo mweusi mtupu. Nikasema labda tuchote mchanga mtoni, tujaze kwenye kitu, tukadirie.

Mama Minza akauliza, "Mchanga kiasi gani?"

Nikaangalia juu, nikaangalia ng'ombe. Nadhani macho yangu yalipita kwa mama mkwe bila mimi kuyatuma.

"Mimi nipo," mama mkwe akasema. "Mchanga wa nini?"

Hakumwambia Mama Minza. Aliniambia mimi.

Mama Minza alikuwa ameziba mdomo, mabega yanatikisika. Mama mkwe akaendelea kwa utulivu ule ule, safari hii akimwelekea mdogo wake, kwamba binti yake ana kidonda na anamsubiri, na kama mkwe anataka uzito basi uzito upo, wala haununuliwi. Akavua kitenge chake cha juu akampa Mama Minza akitandike kwenye sakafu ya gari, chini ya miguu yake. Heshima ikawa imepatikana. Kati yangu na yeye kutakuwa na bati, mbao na kitenge.

Akapanda tena, kwa maumivu safari hii, niliyaona. Mama Minza akakaa pembeni yake. Mwenye ng'ombe nikamwomba akae kwenye usukani, awe ndiye mimi, akanyage pedeli nikimwambia. Alikuwa hajawahi kukaa pale, akashika usukani kwa mikono miwili kana kwamba gari linakimbia.

Tairi zilikuwa zimekaa katikati ya matuta, haziendi popote. Nikaingia chini na spana.

Tatizo likawa kwamba mwenye ng'ombe hanisikii. Nikisema kanyaga, anauliza nini. Na kupaza sauti chini ya mama mkwe ni kukosa adabu.

"Kanyaga," nikasema kwa sauti ya chini.

Juu yangu nikasikia, "Anasema ukanyage."

Mama mkwe.

"Achia."

"Achia, anasema."

Miaka yote tunaongea kupitia watu, leo yeye ndiye amekuwa mtu wa katikati. Nikafupisha kulia, nikafupisha kushoto. Kanyaga, anasema ukanyage. Achia, achia anasema. Mara moja mwenye ng'ombe akagusa tu pedeli kwa woga, na mama mkwe akamwambia, "Kanyaga kama mtu aliyekula."

Nilicheka peke yangu chini kule, udongo unaniingia mdomoni.

Nikaona fimbo zote mbili zimekaza, lakini kwa macho huwezi kujua kama zinavuta pamoja. Nikamwambia mwenye ng'ombe akanyage tena, polepole. Nikawa nasikiliza.

"Upande wa huku unavuta kwanza," mama mkwe akasema.

Nikajibu bila kufikiri. "Upi, mama?"

"Wa mguu wangu mbovu. Nausikia hapa."

Kushoto. Alikuwa anausikia mvuto wa fimbo kwenye sakafu kwa unyayo wake. Nikalegeza kushoto kidogo tu. Kanyaga.

"Sasa?"

"Sasa pamoja."

Sikutoka mara moja. Nilibaki nimelala pale naangalia lile bati. Nilikuwa nimeongea na mama mkwe, sentensi kamili, na mbingu haikuanguka.

Nikamalizia za mbele, ya kulia ndiyo iliyokuwa imelegea, nikatoka. Mwenye ng'ombe akashuka, tukalisukuma gari wawili, akina mama wakiwa ndani, likasogea bila kukwama. Nikaliwasha, nikalitembeza shambani mwendo wa mtu anayetembea, nikakanyaga. Likasimama wima, halikuvuta popote. Nikarudia mara nyingi mpaka Mama Minza akauliza kama tunalima.

Tukamshukuru mwenye ng'ombe. Nilitaka kumpa kitu, akakataa, akasema yule kuku aliyekimbia akimpata atamchukua. Tukakubaliana hivyo.

Halafu nikalirudisha gari barabarani, nikalishusha kwenye mteremko ule ule, gia ya kwanza, mguu kwenye breki. Katikati nikakanyaga makusudi. Likasimama palepale kwenye mteremko, watu wote ndani, maji yanapita chini kwenye zege.

Wakuu, sijui nielezeje. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu Kabula alipopelekwa theatre.

Tulipita Lagangabilili, tukafika Bariadi alasiri bila tatizo lolote. Kabula alikuwa ameshatoka mpaka mlangoni, ameshika ukuta, kanga kiunoni. Mama yake akageuka kwenye kiti, akakanyaga ubao, akashuka. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akaangalia, kisha akauliza mtoto yuko wapi.

Mimi nikabaki na Mama Minza na majirani tunashusha mizigo. Tulipomaliza nikataka kuliingiza gari uani.

Halisogei.

Nikatia gia, linaguna. Nikaita majirani tusukume, likasogea kidogo likagoma hapo getini, nusu ndani nusu nje. Nikajua mara moja. Fimbo nilizikaza kwa uzito wa mama, mama ameshuka, nyuma imeinuka, breki zimekamata zenyewe. Nikaenda kuchukua spana ili nizilegeze.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, dirisha wazi, mjukuu kifuani. Akatuona tunahangaika. Sauti yake ikaja, na tena haikupitia kwa mtu.

"Baba, liache. Linanisubiri mimi."

Kabula alicheka huku ameshika kidonda, anasema mama usinichekeshe, ninaumia, na anazidi kucheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu siku ya operation. Baadaye nilipochungulia alikuwa amelala, amelala kweli, mdomo wazi. Mtoto alikuwa na bibi yake. Nikarudisha spana kwenye boksi.

Sasa nilichojifunza.

Kama una gari la breki za fimbo au za waya, usiliwekee magogo chini ya chasisi ukaseti tairi zikiwa zinaning'inia. Weka chini ya ekseli, gari likalie springi zake kama linavyokaa barabarani. Na kama unajua utabeba mzigo mkubwa, liseti na uzito huo, halafu jaribu breki ukiwa na watu uliowabeba, kwenye tambarare, kabla hujaona mteremko. Na pedeli ikikuambia kitu, geuza gari. Hata kama ni ukweni. Hasa kama ni ukweni.

La pili, kabla hujasema mzee alikosea, jiulize kwanza kama wewe umeelewa.

Fundi wangu wa Binza amerudi, amenipigia anataka kuja kuzilegeza zile fimbo, anasema gari linaharibika likikaa limekamata hivyo, tena getini. Nimemwambia asubiri. Mama hajasema anaondoka lini, Kabula anapata nguvu, mtoto anaongezeka. Sitaki mama aamke asubuhi aone gari liko tayari kumrudisha.

Haya wajuzi, uwanja ni wenu. Wenye magari ya zamani nifundisheni mnavyoseti za kwenu, na kama nimekosea kitaalamu nikosoeni, nitapokea. Na wale mliooa huku kwetu, semeni ukweli: mama akishakuita baba mara moja, je, kesho yake unamsalimia ukiwa umeangalia chini, au unamwangalia?